Kuhesabu mizani wakati wa matanga

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba mashairi yalikusaidia wakati wa msiba atakuangalia juu mpaka chini halafu akuulize kama umeokoka ama kuna kitu umeanza kuvuta. Na siwalaumu. Wengi wetu ushairi tulikutana nao kwa KCSE, ule mtihani wa Form Four, karatasi ya tatu, ile 102/3, unapewa shairi la mtu usiyemjua unaambiwa taja bahari, eleza umbo lake, toa mifano miwili ya uhuru wa mshairi, na ukitoka kwa chumba cha mtihani unaapa hutawahi kusoma ubeti mwingine maishani. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Inkisari, ile ya kufupisha neno, nilijua kuitaja, sikuwahi kujua inamsaidia nani.

Kazi yangu ni ya saiba, Umoja hapa Nairobi, stage sitaitaja. Kazi za saiba unazijua, ni mambo ya KRA, eCitizen, barua za kuomba kazi, kopi, kuskani kitambulisho, na kuna moja ambayo watu hawaifikirii mpaka iwafikie, nayo ni programu za mazishi. Ni sisi tunazitengeneza. Picha ya marehemu mbele, maua kwa kona, ratiba, halafu wasifu. Nimechapa nyingi mpaka lugha yake ikanikauka mdomoni, kwamba alizaliwa mwaka fulani mtoto wa tatu kwa familia ya watoto saba, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua kwa muda, ameacha mke na watoto na wajukuu kadhaa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Unachukua faili ya juzi unabadilisha majina. Familia zenyewe huja ziko hoi, mtu anakwambia we andika tu kama ile ingine.

Halafu ikaja 2020. Kafyu ilianza mwisho wa mwezi wa tatu, saa moja jioni kila mtu awe ndani, tarehe 6 Aprili Rais akatangaza hakuna kutoka Nairobi wala kuingia, na hiyo marufuku ya kusafiri ilikuja kuondolewa tarehe 7 mwezi wa saba. Mamangu alifariki hapo katikati, nyumbani Voi. Haikuwa korona, ilikuwa figo, ugonjwa wa miaka, lakini mazishi yote ya wakati huo yalikuwa ni watu 15 na haraka haraka, hakuna kulala matanga, hakuna sufuria kubwa, hakuna wajomba kutoka Taveta. Kuna watu walipata kibali cha kusafiri wakaenda kuzika wao, changu kilitoka mama ameshazikwa, na hiyo stori sitaki kuirefusha.

Nilimzika kwa simu. Kakangu alinipigia WhatsApp, simu ikashikwa na kijana wake, na mtandao wa pale kwetu ukishatoka barabara kubwa ni wa kubahatisha, kwa hivyo picha inaganda, sauti inakuja nusu, mara naona viatu vya watu, mara naona mti, mara uso wa mtoto mwenyewe anauliza shangazi unaona? Udongo ndio nilisikia vizuri. Kila kitu kilikatika katika lakini udongo ukianguka niliusikia wote. Na mimi niko chumbani, ploti ya vyumba vimebanana, ukikohoa jirani anasikia, na wakati huo ukisikika unalia ama unakohoa watu walikuwa wanafikiria kitu kimoja tu, kwa hivyo nilijiziba mdomo na shuka mpaka wakamaliza.

Nikarudi kazini. Saiba ilikuwa inafunguliwa saa chache tu kabla ya kafyu, na unajua ni kazi gani ilikuwa inaingia sana, ni hizo programu, ila sasa za ukurasa mmoja, kopi chache. Nikawa nachapa wasifu za mama za watu. Sikulia. Hicho kitu kilinishangaza kuliko chote, kwamba silii, nina hasira tu, hasira ya vitu vidogo kama mtu akiuliza bei mara mbili. Watu walinipa pole, kazi ya Mungu haina makosa, jipe moyo, mama amepumzika. Rafiki mmoja akaninunulia kitabu kutoka kwa wale wa kuuza vitabu chini pale tao, tunawaita inama kwa sababu lazima uiname kuchagua, kitabu cha motisha, cha kuamka saa kumi na moja alfajiri na kubadilisha mawazo yako uwe mshindi. Nilisoma kurasa chache nikaona huyu mwandishi hajawahi kufiwa na mtu, ama kama alifiwa aliamka saa kumi na moja kesho yake akaenda kukimbia. Sisemi vile vitabu vyote ni takataka, vinasaidia mtu mwenye shida ya kuanza biashara labda. Lakini kuambiwa uchungu ni uamuzi wakati umezika mamako kwa skrini ya inchi sita ni matusi, hata kama yamechapishwa vizuri.

Kilichonitoa hapo kilikuja kama kazi ya kuchapa.

Kuna mzee mteja wetu, mwalimu mstaafu, kila mtu mtaani anamwita Mwalimu tu. Alikuwa anakuja na mashairi yake nimchapie ayatume kwa gazeti, Taifa Leo, wako na nafasi ya mashairi ya wasomaji na yeye ni wale watu wananunua gazeti wanaanzia huko. Kabla ya korona nilikuwa namchapia bila hata kusoma. Anayaandika kwa daftari la hesabu, lile la miraba, na kila silabi anaiweka kwa mraba wake. Miraba 8, mkato wa katikati, miraba 8, mwisho wa mshororo. Kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16. Ukiangalia ukurasa wake kwa mbali unafikiri ni hesabu ya darasa la tano.

Siku moja nikamchapia, nikaprinti, akasimama kwa mlango na barakoa yake imeshuka puani akihesabu na vidole, akarudi.

"Mwanangu, hapa umeniibia mizani moja."

Nikamwambia Mwalimu samahani, niliona neno limekosewa nikalinyoosha, uliandika "'mekuja" nikaweka "amekuja".

"Sikukosea. Ile nusu ilikuwa na 8, sasa iko na 9. Umeniongezea kisha ukaniharibia, ni wizi huo." Akacheka. Halafu akaniangalia. "Una nini wewe siku hizi? Ulikuwa unanitania."

Nikamwambia. Kwa sentensi mbili tu, sikuwa na nyingine. Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Alikaa kwa ile benchi ya wateja, akanyamaza kitambo, akasema yeye mke wake alipokufa aliandika beti nyingi sana na karibu zote zilikuwa mbaya, na kwamba zile mbaya ndizo zilimfaa. Akachana karatasi mbili za miraba katikati ya daftari akaniachia. "Andika. Lakini kwa mizani, usiniletee porojo."

Wacha nieleze hapa polepole kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoulizwa.

Nilikuwa nishajaribu kuandika kabla ya hapo. Nilinunua kitabu kizuri cha kumbukumbu kama wanavyosema kwa intaneti, mwaga moyo wako kwa karatasi, na nikamwaga, kurasa na kurasa, nimeumia, nimeumia, kwa nini, kwa nini, na nikimaliza niko pale pale ila mkono unauma. Maneno hayakuwa na mahali pa kuishia. Sasa hii karatasi ya miraba ikaniwekea ukuta. Nilianza na sentensi yangu ya kila siku, mama yangu walikuzika mimi nikiwa Nairobi naangalia kwa simu, nikajaribu kuiingiza kwa miraba 8 na 8. Haiingii. Nikatoa "yangu". Nikatoa Nairobi. Nikabadilisha "walikuzika" nikaweka "walikufukia" kwa sababu kuzika ni sherehe na mimi sikuona sherehe, nilisikia udongo. "Mama walikufukia, nikitazama simuni." Nikahesabu. 8. 8. Na nikashangaa kwamba kwa muda huo wote, sijui dakika ngapi, nilikuwa nafikiria mamangu bila kile kitu cha kifuani, kwa sababu kichwa kilikuwa na kazi, kilikuwa kinatafuta silabi.

Mshororo wa pili nilitaka "mtandao ukafifia", ikawa 9, na nikakumbuka Mwalimu na wizi wake nikakata u. Ile inkisari ya Form Four, bana, ndio nikajua kazi yake. Wa tatu ulikuja wenyewe. Wa nne, kituo cha kufunga ubeti, ndio ukanisumbua, na kwa sababu nilikuwa nimezoea lugha ya programu za mazishi nikamaliza na lala salama peponi, sijui tutaonana mbinguni, kitu kama hicho, mizani ikatimia na vina, zile silabi za mwisho za kufanana, vikakubali. Nikampelekea.

Akasoma mitatu ya kwanza akitingisha kichwa, ya nne akaweka kidole. "Hii si yako. Hii ni ya kila mtu." Nikamwambia lakini mizani iko sawa. "Iko sawa. Lakini wewe ukiwa pale kwa simu, picha imepotea, ulikuwa unataka kujua nini?"

Sikufikiria hata. Nikamwambia nilitaka kujua nani alimfunga leso kichwani. Mamangu hakuwa mtu wa kuonekana kichwa wazi, hata kuchota maji hapo nje, hata hospitali alikuwa anabishana na manesi, na mimi ndiye nilikuwa namfunga akishakuwa mgonjwa kwa sababu mikono ilikuwa inavimba, na kwa simu sikuwahi kuona uso wake, sanduku lilikuwa limefungwa.

"Basi si ndiyo hiyo," Mwalimu akasema. Hapo hapo kaunta, mteja mmoja anangoja kopi ya kitambulisho, tukaitia kwa miraba:

Mama walikufukia, nikitazama simuni,
Mtandao 'kafifia, sura zikawa gizani,
Nikabaki nikilia, asisikie jirani,
Nani alikufungia, leso yako ya kichwani?

Si shairi kubwa. Najua. Ukilipeleka kwa watu wa fasihi watakwambia ni tarbia ya kawaida, mishororo minne kwa ubeti, mtiririko, yaani vina havibadiliki, hakuna fumbo. Lakini huo mshororo wa nne nilipousoma kwa sauti nililia pale kaunta mbele ya mwenye kitambulisho, na yeye akangoja tu, akasema pole dada, endelea, mimi sina haraka.

Na kitu kingine ni kwamba lile lilikuwa swali, na swali linaweza kujibiwa. Usiku nikampigia mama mdogo, dadake mama, ambaye tulikuwa hatujaongea tangu mazishi kwa sababu kila mmoja alikuwa anaogopa kumwanza mwenzake. Nikamuuliza hivyo tu, mama mdogo, nani alimfunga mama leso? Akanyamaza. Akasema ni mimi, ile ya kijani, na nilimfunga vibaya, ikawa inateleza, nikaifunga tena mara mbili na wale wa mochari wananiambia mama fanya haraka, na tangu hiyo siku naota naifunga. Yaani na yeye alikuwa na lake. Tukaongea mpaka salio likaisha, akanipigia yeye, likaisha lake pia.

Nisidanganye kwamba nilipona hapo. Siku chache zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za kabla, nilikuwa nalia kwa matatu, nalia nikikata kitunguu na hata nikiwa sina kitunguu. Nikafikiri nimejiharibu. Baadaye sana ndio nikaja kusoma kuhusu mtafiti wa Marekani anaitwa James Pennebaker, ambaye yeye na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti mwaka 1986, walichukua wanafunzi wa chuo wakawaambia waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, wengine waandike mambo mazito yaliyowapata na wengine mambo ya juu juu. Wale wa mambo mazito walitoka hapo wakiwa na huzuni zaidi siku hiyo yenyewe. Ila miezi iliyofuata wakawa wanaenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Ningejulishwa hiyo mapema ningejua kwamba kuumia zaidi mwanzoni si ishara ya kwamba dawa imekataa. Kwa hivyo mtu akiniuliza naanzaje, hiyo ndiyo namwambia kwanza, usianze usiku peke yako na kesho una mtihani ama intavyuu, anza siku ambayo kuna mtu wa kukupikia chai.

Kusoma kulikuja baada ya kuandika, najua watu wengi hupitia njia ya kinyume. Mwalimu aliniazima vitabu vyake, na kulikuwa na viwili ambavyo nilivikwamia.

Cha kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona. Tulikuwa tumeguswaguswa nao shuleni kama mfano wa utenzi, mizani 8 kwa kipande, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba huyu ni mama mgonjwa. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwa cha Pate, aliutunga karibu 1858 maradhi yameshamshika, anamwambia bintiye Mwana Hashima asogee, alete wino na karatasi, kuna neno liko moyoni na maradhi yametimiza mwaka hajapata kumwambia. Alifariki kama miaka 2 baadaye. Beti 102. Mamangu aliugua kwa muda mrefu na sisi hatukuwahi kuambiana lolote la maana, ni dawa umekunywa, maji umekunywa, kesho ni siku ya dialisisi. Kwa hivyo nikaketi na huyu mama wa Pate kama ndiye ananiambia. Na sikukubaliana naye kila mahali, mambo ya mume pale katikati, umlaze umpepee usimwamshe sijui nini, nilikuwa nabishana naye kwa sauti ndani ya nyumba, mama hiyo hapana. Kumbe hata kubishana kulikuwa kunanifaa. Mimi na mamangu tulikuwa tunabishana hivyo hivyo.

Cha pili ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Huyu alifungwa 1969 akiwa kijana mdogo kwa sababu ya waraka aliouandika wa kuuliza Kenya twendapi, akakaa ndani miaka 3, na mashairi akayaandika kwa karatasi za choo, yakatolewa kisiri, 1973 yakawa kitabu. Sehemu ya kifungo ilikuwa hapo tu Kamiti, ukipita Kahawa West. Nilikisoma wakati wa kafyu, saa moja jioni mlango umefungwa, na kilichonishika si siasa, ni kwamba vina vyake vimekaa sawa. Mtu ako peke yake kwa seli, hana kamusi, hana mhariri, hana hata hakika kwamba kuna binadamu atasoma, na bado hakubali mshororo uende na mizani 15. Nikajiambia huyu anajua kile kitu nilichokutana nacho kwa ile karatasi ya miraba. Dhiki haina mwisho unaouona, lakini ubeti una mwisho, ukifika mraba wa mwisho umemaliza kitu, na siku hiyo umemaliza kitu.

Kwa hivyo mimi huwa nawaambia watu wakisoma kwa ajili ya moyo wasitafute mashairi ya kufurahisha. Ya kufurahisha yanakuacha peke yako na huzuni yako. Tafuta mtu aliyekuwa na shida halisi na akaisema vizuri. Na soma kwa sauti, tafadhali, mashairi yetu yalitungwa kuimbwa na kughaniwa, ukiyasoma kimya kwa simu ukiwa umelala ni sawa na kuangalia chakula kwa dirisha. Ukiyatamka mwenyewe pumzi inabidi ifuate mkato, unavuta, unatoa, unavuta, na mtu mwenye wasiwasi anajua kazi ya hiyo. Pia kunakili kwa mkono. Ukinakili ubeti wa mtu kwa kalamu unatembea kwa mwendo wake.

Siku hizi vitabu si shida kama wakati ule, maktaba ya Makadara na ya Kaloleni zilikarabatiwa na watu wa shirika la Book Bunk, zote ni matawi ya ile McMillan ya tao yenye simba mlangoni, iliyofunguliwa 1931 na miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Unakaa, hakuna mtu anakufukuza, na kwa mtu anayeishi chumba kimoja na watoto hiyo peke yake ni nusu ya matibabu.

Tuna chama cha wanawake kwa ploti yetu, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilijaribu kuwaletea hii maneno. Sikuwaambia ni tiba, nilisema tu kabla hatujahesabu pesa niwasomee kitu. Mmoja alitoka hapo hapo, akasema sisi tunafukua makaburi na yeye alikuja kuchukua zamu yake ya pesa, na ana haki, si kila mtu anataka kufukuliwa na si kila wakati. Wawili walisinzia. Lakini mama mboga wetu, ambaye alipoteza kijana wake kwa ajali ya pikipiki na hatujawahi kumsikia akimtaja, aliniambia rudia. Nikarudia. Rudia tena pale pa katikati. Halafu akaanza kusema yake, mdomoni tu, hajui kuandika vizuri, mambo ya helmeti ya kijana kwamba iko bado kwa msumari na yeye huipanguza kila Jumamosi, na nikagundua anasema kwa vipande vya urefu mmoja, bila kujua. Nikamwandikia. Tulihesabu baadaye, vingi vilikuwa 8. Hakuamini. Sasa huniamkua na hesabu, nikipita na ndoo ananiuliza leo una ngapi.

Sasa, kuna mahali hii haifiki na nataka niseme wazi kwa sababu nimeona watu wakiuza ushairi kama mafuta ya upako. Kuna kipindi mwaka uliofuata nilikuwa silali kabisa, sili, na ubeti ulikuwa umenigeuka, nilikuwa naandika ule ule wa udongo kwa njia tofauti tofauti usiku kucha, na Mwalimu alipoona akafunga daftari. Akaniambia hii sasa si mashairi, hii ni kidonda unakikwangua, nenda ukaone mtu. Nikaenda kwa kaunsela, hospitali ya serikali, foleni ndefu, lakini alikuwa msikivu, na nikapewa na dawa za muda. Nilimwonyesha karatasi zangu za miraba na zikamsaidia kujua pa kuanzia. Kama uko hapo sai, mawazo yamefika mahali pabaya, weka shairi chini upige 1199, ni ya Msalaba Mwekundu, haitozi pesa. Shairi litakungoja.

Mimi bado naandika, si kila siku. Programu za mazishi nazo nimebadilisha, familia ikija naiuliza swali moja kabla sijafungua faili ya juzi, kuna kitu gani mlitaka kujua ama kumwambia hamkupata? Wengine wananiona kimbelembele. Wengine wanakaa kwa ile benchi, na wasifu unatoka na kitu ndani, kwamba marehemu alikuwa hali ugali uliopoa, kwamba alikuwa akipiga simu anasema ni mimi kama vile hatujui.

Cha sasa hivi kinachonisumbua ni baba. Baba hasemi. Tangu mama aondoke amekaa Voi hapo ukumbini na akiulizwa anasema niko tu. Nimemtungia ubeti na umenikwama:

Baba kaketi ukumbi, hatamki hata jambo,
Chai yapoa haombi, kofia 'mekwenda kombo,
Sapatu zashika vumbi,

na hapo ndipo nimefika. Ni sapatu za mama, bado ziko mlangoni na yeye huzizunguka, haziruki, anazizunguka, hata akiwa amebeba ndoo. Nataka nusu ya mwisho iseme hivyo na iishie na -mbo. Mwalimu anataka "mlangoni ni kitambo", anasema mizani 8 hizo hapo, shida yako nini. Shida ni kwamba kitambo sicho. Ni mwendo wa baba ninaoutaka. Tumebishana wiki nzima, amesema mimi ni mkaidi na atarudi Alhamisi na kamusi yake ya zamani tutafute, na nimemkumbusha aje pia na shilingi 40 zangu za kuchapa.